Dawa ya tumbo isiyo na mwisho

Hapa Pwani mtu akisema tumbo lamuuma, dawa humfikia kabla hajakaa kitako. Jirani atamchemshia tangawizi, shangazi atamtajia mwarobaini, na kijana wa duka la dawa za Kiarabu atampimia sanamaki na habasoda kwenye karatasi. Tumelelewa hivyo, na wengi tumepona. Ndiyo maana mjadala wa mitishamba ukizuka huku kwetu hugeuka haraka kuwa ugomvi. Upande mmoja wasema spitali ndiyo ukweli na mengine yote ni ujinga. Upande wa pili wasema mitishamba ni kitu cha asili, kwa hivyo haina dhara.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaliruka swali lenyewe, nalo ni swali la muda. Mtu aliyekunywa kikombe kimoja kwa siku tatu, tumbo likatulia na akaendelea na shughuli zake, hana neno. Ninayemzungumzia ni yule mwenye chupa ya lita moja kando ya mtungi, anayeigonga kila asubuhi na sasa yuko mwaka wa pili. Ukimuuliza anaendeleaje, hukujibu: "Nikiacha tu, larudi."

Jibu hilo lafaa kutushtua sote. Dawa ambayo ukiiacha maumivu yanarudi yale yale haijaponya kitu, imefunika. Kuna atakayeniambia mbona dawa za presha na sukari ni za maisha. Ni kweli, lakini mgonjwa wa presha anajua anaugua nini, na kila akienda kliniki anapimwa ionekane dawa inafanya kazi na haijamuumiza figo. Mwenye chupa ya tumbo mara nyingi hajui anachougua, hajui anachokunywa, na hakuna anayempima.

Tusianze kwa kuwalaumu watu. Mwaka wa 2024 madaktari wa serikali waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Oktoba mwaka huo huo NHIF ikaondoka na SHA ikaingia, na wananchi wakabaki wakiulizana nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. Mgonjwa wa Faza au Kiunga akiambiwa akapigwe kamera ya tumbo, hesabu yake yaanza na nauli ya boti kabla hajafika kwenye ada ya spitali. Muuzaji wa mitishamba yuko mtaani, anakopesha, anamjua mgonjwa na ukoo wake, na anamsikiliza mpaka amalize. Spitalini akibahatika atapata dakika tano. Asiyeona tofauti hiyo hajawahi kupanga foleni.

Wala mitishamba si kitu kitupu. Dawa ya malaria tunayoijua sote, ile ambayo mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3, imo ndani yake dawa iliyotokana na mmea wa Kichina uliotumika kutibu homa tangu zamani. Mwanasayansi Tu Youyou, aliyeutoa uwezo wa mmea huo hadharani, alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Lakini tazama jani lile lilifanywa nini kabla halijatufikia. Lilijulikana kiini chake, likapimwa kiasi chake, likapewa siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokosekana kwenye chupa nyingi za tumbo.

Tatizo la kwanza ni kwamba "tumbo" si ugonjwa mmoja. Sisi neno hilo tunalitandaza kuanzia chini ya kifua hadi kwenye nyonga. Ndani yake mna vidonda vya tumbo, asidi inayopanda kooni, mawe ya nyongo, ini, kongosho, minyoo, amiba, choo kigumu, chango na saratani. Hata mshtuko wa moyo wakati mwingine hujitokeza kama kiungulia, mtu akatafuta tangawizi ilhali alihitaji gari la kumkimbiza spitali.

Chukua vidonda vya tumbo peke yake. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliamini vinaletwa na mawazo, pilipili na asidi. Mwaka wa 1982 Robin Warren na Barry Marshall, kule Perth nchini Australia, wakaonyesha kwamba kuna bakteria anayeishi ndani ya tumbo, anayeitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwasadiki. Mwaka wa 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likamvimba kwa ndani. Wawili hao walipewa Nobel mwaka wa 2005. Barani Afrika inakadiriwa zaidi ya nusu ya watu wana bakteria huyu, wengi bila kuhisi chochote. Kwa baadhi yao huchimba vidonda, na tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limemweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya tumbo.

Bakteria huyu ana tiba. Kwa kawaida ni siku 14 za antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na hupimwa kwa choo au kwa pumzi. Sasa mitishamba mingi ya tumbo hufanya nini? Hulainisha, hupoza, hufungua choo, na maumivu hupungua. Mgonjwa husema nimepona, na bakteria huendelea na kazi yake. Baada ya miaka kadhaa mtu anafikishwa spitali usiku akitapika damu, na watu wa nyumbani wanaapa alikuwa hana ugonjwa wowote ila "tumbo la kawaida". Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi maradhi hayafichwi kwa haya peke yake, hufichwa pia kwa dawa.

Sababu ya pili kubwa ya vidonda imo mifukoni mwetu, nayo ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Bi mkubwa anaumwa na magoti, ananunuliwa vidonge dukani, anavimeza mwezi baada ya mwezi. Tumbo likianza kuchoma analetewa chupa ya mitishamba, na vidonge vya magoti vinaendelea. Huko ni kufua maji ngalawani huku tundu liko wazi. Hakuna mti utakaoshinda hapo, na wala si kosa la mti.

Tatizo la pili ni dawa yenyewe inapotumika muda mrefu. Haba na haba hujaza kibaba, na mwilini ni vivyo hivyo. Anza na shubiri. Yale maji machungu ya manjano yanayotoka kati ya ganda na ute wake yana viini vinavyoulazimisha utumbo kusukuma. Sanamaki ina viini vya jamii hiyo hiyo. Kwa choo kigumu cha siku chache hufanya kazi, na sanamaki imo hata kwenye dawa za famasi. Lakini mamlaka ya dawa ya Ulaya inaelekeza kwamba sanamaki ikipita wiki moja au mbili mtu awe chini ya uangalizi wa daktari. Ukiendesha kila siku unapoteza maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ndiyo inayousaidia moyo kupiga sawasawa. Mzee anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza, kisha akaongeza sanamaki kila usiku "kusafisha tumbo", anapoteza madini hayo kwa njia mbili.

Kuhusu shubiri, Marekani iliziondoa sokoni dawa za kuendesha zilizotengenezwa kwa shubiri mwaka wa 2002, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Shirika lile lile la utafiti wa saratani limeuweka mchuzi wa jani zima la mshubiri kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, baada ya panya walionyweshwa miaka miwili kupata uvimbe kwenye utumbo. Panya si mtu, na kundi hilo si hukumu ya mwisho. Hata hivyo mtu anayepanga kunywa jani zima kila asubuhi kwa miaka ana haki ya kuijua habari hiyo kabla hajaanza.

Kuna urukususu, ule mzizi mtamu. Huko Ulaya unakubaliwa kwa kiungulia na tumbo lililovuruga, lakini si zaidi ya wiki 4. Kiini chake kikizidi hupandisha presha na hushusha potasiamu. Mwaka wa 2020 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha fundi wa ujenzi mwenye miaka 54 aliyekula peremende za mzizi huo, mfuko mmoja na nusu kwa siku kwa wiki kadhaa, moyo ukasimama akafa. Hakuwa amekunywa sumu. Alizidisha kitu kitamu, basi.

Na manjano? Manjano ya kwenye mchuzi haina shida, nyanya zetu wameipika maisha yao yote. Lakini siku hizi inauzwa kwenye vidonge, imekolezwa na kuchanganywa na kiini cha pilipili manga ili mwili uinywe zaidi. Mwaka wa 2023 mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa onyo kwamba vidonge vya aina hiyo vimehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watu. Kijiko cha jikoni na kidonge kilichokolezwa si kitu kimoja, hata kama jina ni lile lile.

Tatizo la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni kwamba mara nyingi hatujui ndani ya chupa mna nini. Ubelgiji, mapema miaka ya 1990, zahanati moja ya kupunguza unene mjini Brussels iliwapa wanawake vidonge vyenye mizizi ya Kichina. Mzizi mmoja ulibadilishwa na mwingine unaokaribiana nao kwa jina, ambao una sumu ya figo. Mwaka wa 1993 madaktari wakaanza kuripoti figo zilizokufa, na walioathirika walipita 100. Wengine baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Wengi wao walimeza kwa miezi wakijihisi wazima kabisa. Figo haina kelele, na siku inapopiga kelele huwa imekwisha kazi.

Mwaka wa 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Kihindi kwenye maduka ya mjini Boston, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Kwetu sisi ambao meli za Bara Hindi zimetuletea dawa na viungo tangu enzi na enzi, habari hiyo yatuhusu. Kadhalika wakaguzi wa nchi nyingi wamewahi kukuta unga wa "mitishamba" umechanganywa na dawa za maumivu za famasi ili mnunuzi ahisi nafuu haraka. Ukikutana na chupa inayotuliza kila kitu ndani ya nusu saa, usiishangilie. Jiulize imetiwa nini.

Sasa nije kwenye dini, maana dawa nyingi huuzwa kwetu kwa jina la Sunna, na mtu akihoji huonekana kama anahoji imani. Tusichanganye mambo. Mtume (SAW) ameisifu asali na ameisifu habasoda, na Muislamu haoni shaka katika hilo. Lakini alitufundisha pia kutafuta tiba. Imo ndani ya Bukhari habari ya mtu aliyemwendea kwa ajili ya tumbo la nduguye. Akaambiwa ampe asali. Akarudi kusema bado, akaambiwa ampe tena, na ikawa hivyo zaidi ya mara moja mpaka yule ndugu akapona. Zingatia mambo mawili. Kila hatua habari ya mgonjwa ilirudishwa, na mwisho mgonjwa alipona. Hakuambiwa anywe maisha yake yote bila kuangaliwa.

Na kuna mafundisho mengine ambayo wauzaji hawayataji sana. Imepokewa na Abu Daud kwamba anayejitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Mafakihi wamejenga sheria juu ya hilo. Kwa hivyo ndugu anayebandika neno "Sunna" kwenye chupa ambayo hata yeye hajui kipimo chake, ajue ameibeba dhamana hiyo mbele ya watu na mbele ya Mola.

Je, serikali yasemaje? Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ina sehemu nzima juu ya tiba za asili. Inataka kuundwe, kwa sheria ya Bunge, chombo cha kuwasimamia waganga hao, na iwekwe njia ya mganga kumpeleka mgonjwa spitali. Miaka imepita na chombo hicho hatujakiona. Bodi ya Famasia na Sumu ina utaratibu wa kusajili bidhaa za mitishamba, lakini utaratibu huo humfikia mwenye kiwanda na pakiti. Haumfikii anayechemsha nyumbani na kujaza chupa za maji zilizotumika. Taasisi ya KEMRI nayo imetafiti dawa za asili kwa miaka mingi, ila matokeo yake hayajafika kwenye meza ya muuzaji wa Kongowea au Marikiti.

Kaunti zetu haziwezi kusema hazina nguvu. Mei 2024, lilipozuka suala la mogoka, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitoa amri ndani ya siku chache, hata kama mahakama ya Embu ilisimamisha. Sipendekezi marufuku ya mitishamba. Marufuku itaipeleka chupa chini ya meza, na kaya zetu na wazee wetu wenye elimu ya miti watatupwa pamoja na matapeli. Ninachosema ni kwamba kaunti ikitaka kusogea, husogea. Yatosha kuanza na kibandiko: jina la kila mti uliomo, tarehe ya kutengenezwa, kiasi cha kunywa, mwisho siku ngapi, nani asinywe, na simu ya muuzaji. Muuzaji mkweli hatapata hasara kwa hilo. Maafisa wa afya ya umma ambao hukagua mikahawa wanaweza kukagua na hayo.

Kipimo cha bakteria wa tumbo kwa choo nacho kiwepo kwenye vituo vya afya, dawa zake zipatikane, na wahudumu wafundishwe kumuuliza mgonjwa bila kumkemea: "Nyumbani unatumia nini?" Mgonjwa anayechekwa kwa sababu ya chupa yake huificha mara ya pili, na daktari humwongezea dawa juu ya dawa asiyoijua.

Kwa msomaji mwenye chupa nyumbani leo, nina ushauri wa kawaida kabisa. Jiwekee mpaka wa wiki mbili. Tumbo lisipokaa sawa, au likirudi kila ukiacha, kapimwe, na chupa uende nayo uionyeshe. Ukipimwa bakteria, omba kipimo cha choo au cha pumzi, kwa sababu cha damu chaweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha kupona. Mwambie daktari kama unatumia omeprazoli, maana huficha majibu na huenda akakuambia usubiri wiki mbili. Ukimaliza tiba, rudi baada ya wiki nne kuhakikisha wameondoka. Na omeprazoli yenyewe si ya kununua kila mwezi bila kuulizwa. Ikitumiwa miaka huweza kupunguza vitamini B12 na magnesi mwilini. Kipimo cha muda ni kwa dawa zote, za chupa na za pakiti.

Usisubiri wiki mbili ukiona choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au kama unga wa kahawa, chakula kinakwama kooni, mwili unakonda bila sababu, unaishiwa damu, au tumbo limeanza kukusumbua uzeeni na hukuwa nalo. Hapo hapana mti wa kujaribu. Mama mjamzito, mtoto mchanga, mwenye figo au ini, na anayemeza dawa za presha, moyo au za kuzuia damu kuganda, wasianze chupa yoyote kabla ya kuuliza. Na likikupata dhara, Bodi ya Famasia na Sumu ina mfumo wa mtandaoni ambao hata raia wa kawaida anaweza kuripoti. Tusiporipoti, serikali itaendelea kusema haijasikia lolote.

Muuzaji naye tumuulize swali moja kabla ya kutoa pesa: dawa hii naimaliza lini? Mwenye elimu atakujibu kwa siku, na atakuambia usipopona uende wapi. Akikwambia uendelee tu, rudisha chupa mezani.